Gari Lililopimwa Mama Akiwa Ndani

Duka langu la spea liko Mlandege, mjini Unguja, la mlango mmoja, na mteja mgeni akiingia kwanza huchungulia nyuma yangu kumtafuta mwenye duka. Namwacha achungulie. Akishachoka namuuliza anataka shokapu ya mbele au ya nyuma, ya gari gani, la mwaka gani, na hapo ndipo ananitazama usoni. Duka niliachiwa na marehemu baba. Pamoja na duka aliniachia gari lake la kazi, la kuvuta magurudumu yote manne, ambalo kwa miaka lilikaa chini ya turubai kwenye gereji moja huko Amani, likiliwa na kutu, na kuku wakitagia viti vyake. Kila kilichomo ndani ya gari lile nilikijua kwa jina. Kulala chini yake nikavitazama vitu hivyo vikiwa mahali pake, sikuwahi.

Aliyenilaza chini ya gari ni mama.

Mama ni mtu wa Jambiani, mkulima wa mwani tangu mimi sijajua kusoma. Nyumba yake iko mwisho wa kijiji, upande wa kusini, na lami inaishia mbali nayo. Kutoka hapo hadi mlangoni kwake ni uwanda mtupu, njia ya mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na gari la kawaida likijitia ushujaa linarudi na tangi la mafuta limetoboka. Mwaka mmoja aliteleza pwani maji yakiwa yamekupwa, gunia la mwani mbichi likiwa kichwani, akaanguka chali juu ya jiwe. Majirani walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, kijiji kizima kikitazama. Daktari akasema hatapasuliwa. Alale pagumu, atembee kidogo kidogo, na juu ya yote mgongo usitikiswe. Nikamchukua nikamweka kwangu, ghorofa ya pili, kwenye vichochoro vya nyuma ya Darajani.

Mgongo ukaanza kupona. Mama mwenyewe akaanza kupungua. Alikuwa akikaa dirishani akitazama ukuta wa jirani, ambao uko karibu mno hata ukinyoosha mkono unaugusa. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Siku moja moja nilimshusha taratibu nikampeleka Forodhani akaone maji, akayatazama kidogo, akasema, "Bahari yenu hii kazi yake kutazamwa tu," akataka turudi. Kanga zilianza kumzidi mwili. Usiku nilikuwa nikisimama mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua, na niliogopa, nasema kweli, niliogopa kwamba nimemtoa kwenye jiwe nikaja kummaliza kwa ukuta.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu aliponiambia, "Nnataka nifunge Ramadhani kwangu."

"Mama, na ile njia?"

"Njia nnaijua."

"Basi tutawaomba wakubebe kama siku ile."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini nikayaona macho yake ya zamani. "Kama siku ile? Mie si maiti nibebwe kitandani watu wanisindikize. Nikirudi, nnarudi nimekaa kitako mpaka mlangoni. La sivyo niacheni hapa hapa, mkanizike Mwanakwerekwe kwa watu nisiowajua."

Hasira zilinipanda. Nilishuka ngazi bila kuaga, nikaenda moja kwa moja Amani, nikalivuta turubai kwa mikono miwili. Kuku wakaruka, mayai yakavunjika, na fundi mwenye gereji akatoka akifuta mikono.

Fundi huyu ni mtu wa Bara aliyekuja Unguja kijana na hakurudi. Ni mpole kuliko ninavyoweza kuvumilia. Mimi nikipiga kelele, yeye hupiga mluzi, nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, pole pole, mpaka nimalize.

"Dada, gari hili?"

"Hili."

"Liende wapi?"

"Jambiani, mpaka mlangoni kwa mama. Lisiguse jiwe, na lisimtikise."

Akapiga mluzi kidogo. "Hayo mawili hayapatani, dada. Ukitaka lisiguse jiwe unalinyanyua. Ukilinyanyua, linaanza kutikisika."

"Yapatanishe," nikamwambia. "Kabla ya mwezi kuandama."

Kulinyanyua kulikuwa rahisi. Springi za mbele na za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolala kimoja juu ya mwenziwe, tulizitoa tukaweka ndefu na laini zaidi. Tukaweka shokapu ndefu za kutoka dukani kwangu na matairi makubwa. Springi peke yake zililipandisha gari nusu shubiri. Siku liliposhushwa kwenye jeki nililizunguka mara sijui ngapi, kichwa kimenivimba, nikampiga picha hata fundi.

Tulipolitoa barabarani likawa linatangatanga kama limelewa. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe mpaka uuvute. Fundi akanilaza chini kwenye kipande cha boksi akanionesha. Uma wa baiskeli, akasema, umeegemea nyuma kidogo, ndiyo maana unaweza kuachia mikono na bado baiskeli inakwenda mbele. Magurudumu ya mbele ya gari nayo yana mwegemeo wao. Sisi tulipolinyanyua tumeyasimamisha wima, na sasa hayajui mbele ni wapi. Akachonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli ya mbele, mwegemeo ukarudi. Nilisimama nikajipangusa vumbi, na lazima niseme nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuuza kitu. Miaka yote nilikuwa nauza maneno. Sasa nilikuwa naona yanavyoshikana.

Tatizo la kweli likawa propela. Hilo ni bomba refu linalochukua nguvu kutoka giaboksi, katikati ya gari, hadi ekseli ya nyuma. Kila mwisho ina kiungo cha msalaba, tunakiita krosi, kinachoiwezesha kuzunguka hata ikiwa imepinda. Halafu imegawika vipande viwili, kimoja kikiwa na meno yanayoingia ndani ya mwenzake, ili irefuke na kufupika springi zikicheza. Gari lilikuwa limepanda, propela ya baba imebaki na urefu wake ule ule. Meno yalishikana kwa ncha tu. Shimo moja la maana, na mama angebaki uwandani na propela imelala chini.

Kwa hiyo tukatengenezesha nyingine. Mkereza vyuma mmoja wa hapo Amani alikata bomba nene zaidi, akalichomelea, akalipima lisiwe na upande mzito. Krosi kubwa zikaagizwa Dar zije kwa boti. Wakati tunazingoja, nilikwenda kuichukua propela ikiwa vipande viwili, na kwa kuwa dukani hakuna pa kuweka hata mguu, nikaipandisha nyumbani, nikailaza ukumbini juu ya gunia.

Shaabani ilikuwa imeshaingia. Anayezijua nyumba zetu anajua Shaabani ni mwezi gani. Kila kitu kinageuzwa juu chini. Masinia, mabuli, dele za kahawa, mpaka njumu za shaba za milangoni zinasuguliwa zing'are, kwa sababu mgeni anayekuja, Ramadhani, hapendi kuukuta uchafu. Mama hakuweza kuinama wala kubeba, lakini kukaa anaweza, na mikono yake haijawahi kumsikiliza daktari. Nilimwekea beseni, majivu, ndimu na makumbi ya nazi, nikampangia vyombo mbele yake, nikaenda zangu dukani.

Niliporudi jioni masinia yalikuwa yanawaka. Propela nayo ilikuwa inawaka. Ameisugua mwanzo hadi mwisho, vipande vyote viwili, kisha akaipaka mafuta ya nazi.

"Mama! Hiki chuma cha gari."

"Nshajua. Kilikuwa kimelala hapo kinanitazama na uchafu wake." Alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, na mkono mmoja anauchua mwenzake. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Miezi mingi nilikuwa sijaona jasho la kazi kwenye uso ule, nikaibusu ile mikono yenye majivu.

Krosi zikaja, fundi akaifunga propela, akaisifia kwa usafi wake. Tukatoka kwenda kuijaribu kwenye njia ya Fumba. Mimi nilikaa nyuma, kwenye godoro la sufi nililokuwa nimemtengea mama, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa hakimfai. Na mkononi nimeshika kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kimejaa maji mpaka mdomoni. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Maji yakimwagika, mama hapandi.

Taratibu gari lilikwenda vizuri. Lilipoanza kuchanganya mwendo, likaingia kitetemeshi. Kilitokea chini, kikapanda kwenye chesisi, kikapita godoroni, kikanifika uti wa mgongo. Meno yaligongana. Maji yote yakaniingia kwenye mkono wa baibui.

"Simamisha," nikasema. Sauti yenyewe ilitoka inatetemeka.

Fundi hakushtuka. Alisema kazi iliyobaki ni ya pembe. Kila krosi inayopinda, alinieleza, haizungushi propela kwa ulaini. Inaivuta, inaiachia, inaivuta, inaiachia, katika kila mzunguko. Dawa yake ni krosi ya pili kupinda kwa kiasi kile kile, ili mshtuko wa huku ufutwe na mshtuko wa kule. Yaani uso wa giaboksi na uso wa difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, viwe sambamba kabisa, na sisi kwa kulinyanyua gari tulikuwa tumeuharibu usambamba huo. Akaazima timazi na pima maji ya waashi waliokuwa wakijenga jirani, akatambaa chini, akapima, akachonga kabari za nyuma. Tukajaribu. Kikombe kikamwagika. Akachonga nene zaidi. Kikamwagika. Akachonga nyembamba. Kikamwagika, na mwezi unakwenda.

Kila jioni nikipanda ngazi mama huniuliza kabla sijavua viatu.

"Gari liko wapi?"

"Linatetemeka, mama."

"Mbona na mie nnatetemeka na mmenikubali."

Alikuwa ameshafunga vikapu vyake. Mswala, kanga, mtungi wa kuchotea maji uliofungiwa kwenye shuka. Ameviweka mlangoni, na mimi nikiingia nikitoka ilibidi niviruke. Halafu akaacha kuuliza. Siku hiyo nilivua viatu, nikangoja, na hakuuliza, na sahani ya mchana ilikuwa juu ya meza kama nilivyoiacha. Nilikwenda jikoni nikalia huku nimefungulia bomba la maji.

Kesho yake nilimmalizia fundi hasira zote. Nilisema mkereza ametupa bomba bovu. Nilisema kabari zake nikizikusanya zingetosha kujengea ukuta. Nilisema gari liuzwe kama chuma chakavu na yeye apewe medali. Akapiga mluzi ubeti mzima.

"Dada," akasema nilipokata pumzi, "sisi tunalipima likiwa tupu. Na siku ya safari litakuwa na nini ndani?"

Nikamtajia. Kitanda chake, godoro, magunia ya mchele na unga ya Ramadhani, tangi la maji, vikapu. Na mama.

"Springi zitalala. Zikilala, pembe zinabadilika. Lete mzigo wote tupime. Na bibi mwenyewe."

Basi asubuhi iliyofuata mzigo ukateremshwa, na mama akateremshwa, ngazi moja moja, akisimama kila ghorofa kumsalimia kila mtu. Tukampeleka Amani kwa gari la kukodi, mwendo wa konokono. Fundi akatoka kumpokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndilo hilo?"

Mama alisimama mbele ya gari la mumewe, akaliangalia juu, akaliangalia chini. Kizingiti cha mlango kilikuwa kinamfika kiunoni. Akanigeukia mimi.

"Sasa mie nnapandaje?"

Nusu shubiri ya springi, na matairi juu yake, na katika kupima kote kule hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kuna mtu mwenye mgongo mbovu atakayetakiwa kupanda. Fundi alikohoa. Mimi nilitazama mawingu. Mama akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, ameshika mgongo kwa mikono miwili, "Tobaa, mtaniua nyie, wataalamu," na waashi wote wa jirani wakasimamisha kazi. Seremala wa mtaa huo huo akatupigia ngazi fupi ya mbao za mwembe, vipandio vitatu vipana na mahali pa kushikia. Ilipokamilika mama akapanda pole pole, peke yake, akakataa mkono wangu, akajikalia kwenye godoro la sufi katikati ya magunia kama bibi harusi.

Fundi akaingia chini na timazi yake, mimi nikamfuata. Akapima. Akapima tena.

"Pembe ziko sawa," akasema. "Zimelingana."

Tukatoka, fundi akaliendesha, mwendo wa jaribio tu, mimi nimekaa kando ya mama na kikombe. Lilikuwa afadhali kuliko siku zote. Lakini bado. Maji yakacheza, yakamwagika tone kwa tone, na nikamwona mama amefumba macho na kuuma mdomo wa chini. Nikapiga paa la gari lirudishwe.

Pale gereji uvumilivu ulinishinda kabisa. "Ni yule mkereza," nikasema. "Pembe si zimelingana? Kabari si sawa? Krosi si mpya? Basi ni bomba lake. Yule mtu mchafu wa kazi tangu hapo!"

"Mchafu kweli," mama akadakia kutoka juu ya magunia. "Chuma chenyewe kakitoa na mirangi yake. Nimeisugua ile mistari miwili mpaka mkono ukafa ganzi."

Mluzi wa fundi ulikatika.

"Mistari gani, bibi?"

"Myeupe. Mmoja kwenye kipande hiki, mmoja kwenye kile. Kama kajaribu rangi kwa kidole."

Fundi aliweka timazi chini. Alikuja akasimama pembeni ya gari, akamtazama mama usoni, na sauti yake ikawa ya chini sana. "Bibi, hiyo mistari ilikuwa inatazamana. Ndiyo alama ya jino gani liingie wapi. Krosi za huku na huku lazima zikae kwa mwelekeo mmoja, la sivyo hata pembe zilingane vipi, hazifutani. Mimi nimeichomeka kwa macho tu. Meno ni madogo na mengi, ukikosea moja jicho halioni."

Mama aliniangalia mimi, na uso wake ukaporomoka. "Kumbe mie ndiye niliyejizuia mwenyewe," akasema.

Hilo sikuweza kulistahimili. Nilimpandia pale pale kwa ngazi yake, nikamkumbatia, nikamwambia kama ni makosa basi ni ya Shaabani. Fundi akasema mkereza angeweka alama ya kugonga kwenye chuma chenyewe tusingefika huku. Mama hakutusikiliza. Alikuwa amefumba macho tena, vidole vyake vinatembea juu ya shuka.

"Ngoja," akasema. "Kile kipande kirefu kina kidude kimechomoza, mfano wa karafuu."

Ni pale panapotiwa grisi. Kweli, ukikitazama kimekaa kama karafuu changa.

"Mstari ulianzia kwenye karafuu, ukaenda sawasawa mpaka mwisho. Na kile kipande kifupi, mstari ulipita juu ya kovu la moto. Pale pa kovu makumbi yalikuwa yananasa, ndiyo maana nnakumbuka. Nilipasugua mara nyingi."

Fundi alikuwa ameshaingia chini. Nilimsikia akifungua, akipangusa, kisha chuma kikaingia ndani ya chuma.

"Jino moja," akaita kutoka chini. "Jino moja tu, dada!"

Akagonga alama kwa msumari wa chuma na nyundo, huku na huku, nukta mbili za kudumu. Halafu akasema kwa kuwa mzigo uko ndani, bibi asishuke, amalizie kabari ya mwisho kwa uzito huo huo. Ilichukua muda. Mama alikaa humo humo, akatuma aletewe urojo kutoka barabarani, akaumaliza, akakomba bakuli, akatuma aletewe mwingine. Nilisimama pembeni nikimtazama anavyokula. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi na sikutaka mtu anisemeshe.

Jaribio la mwisho tulilifanya yeye akiwa ameshika kikombe mwenyewe. Gari lilipochanganya mwendo nilingoja kile kitetemeshi, nikakaza misuli yote, na hakikuja. Ulisikika upepo na matairi tu. Mama akayatazama maji yaliyotulia mkononi mwake, akayanywa.

Tulisafiri siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Mimi niliendesha. Tunguu, Jozani na matuta yake ya kupunguzia mwendo, Kitogani, Paje, na kila nikimwangalia kwenye kioo namwona amekaa kitako, ameshika ukingo wa dirisha, anataja nani anakaa nyumba gani. Lami ilipokwisha nikasimama, nikaunganisha magurudumu yote manne, nikaingia uwandani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gari likapanda jiwe kwa gurudumu moja, likainama, likashuka kwa ulaini, likapanda jingine. Hakuna kilichogusa chini. Nyuma yangu mama alikuwa akitoa amri: kushoto, kushoto, acha hilo, pita juu ya hili. Kila jiwe alikuwa analijua.

Majirani walikuwa wamefagia uwanja na kupaka chokaa baraza. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake waliokuwa mbali huko kwenye vigingi vya mwani walinyanyuka mmoja mmoja walipoliona gari refu la ajabu limesimama mlangoni kwa mama. Nikamwekea ngazi. Akashuka kinyumenyume, kipandio kwa kipandio, akaigusa ardhi kwa mguu wa kulia, akasema bismillahi. Wale wanawake wakaanza kumwita kwa sauti, nguo zao zimelowa mpaka kifuani, na yeye akawajibu, sauti ambayo kule mjini sikujua kama bado anayo.

Tulipomaliza kuteremsha mzigo niliinyanyua ngazi niirudishe garini. Akaniwekea mkono.

"Hiyo inabaki."

"Mama, hiyo ni ya kupandia gari."

"Nnajua. Inabaki kwangu, ndani, chini ya kitanda." Hakutabasamu hata kidogo. "Siku nikitaka kupanda, ntaitoa mwenyewe."

Nilimwelewa. Hakuna mtu angemrudisha mjini bila ridhaa yake tena, hata mimi, hasa mimi. Nikampa ngazi. Nilifurahi na niliumia kwa wakati mmoja, nikamwambia hivyo hivyo, na yeye akanipiga bega akaniambia nikaoge, nanuka gereji.

Nilirudi peke yangu na gari tupu. Nilipopita Kitogani nikaongeza mwendo, na kutoka chini, kwa mbali, kikaja kitetemeshi kidogo, chepesi, cha kuwasha nyayo tu. Nilipunguza kikakoma. Nikaongeza kikarudi. Ndipo nikakumbuka: tulilipima yeye akiwa ndani. Nililia kuanzia Jozani mpaka Tunguu, nikaendelea na safari.

Fundi aliposikia alitaka lirudishwe mara moja achonge kabari nyingine. Nikamkatalia, akapiga mluzi.

Ramadhani ikaisha, sikukuu ikapita. Nilikuwa nikienda kwa mama kila Ijumaa baada ya kufunga duka. Kwa kuinama hakuwa tena mtu wa kuinama, lakini kazi ya mwani nusu yake hufanywa umekaa: wenzake wanaleta mbegu kutoka majini, naye anakaa barazani anazifunga kwenye kamba, moja moja, mdomo haufungi. Kanga zilianza kumkaa. Kisha, Ijumaa moja, nilikuta magunia ya mwani mkavu yamepangwa uwanjani, lake likiwa la mbele, na wanawake wakanisaidia kuyapakia nyuma, pale lilipokuwa godoro la sufi, niyapeleke mjini kwa watengeneza sabuni. Springi zikalala.

Nikashika njia. Nilipopita Kitogani niliongeza mwendo, nikangoja. Gari lilikuwa kimya. Nikaongeza tena, na lilikuwa kimya, na ndani mnanuka pwani. Sikufungua redio mpaka nafika Mlandege.